Farasi kaumia mguu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye farasi wa Dar

Maswali haya yanatoka kwa masaisi (watunza farasi), kwa wenye farasi wa Kigamboni na kwingineko, na kwa watu walionunua farasi juzi tu ambao hawajui hata pa kumshika. Ya haraka yapo juu, ukiwa bandani na mnyama anachechemea soma mawili ya kwanza, mengine utasoma usiku.

Kajikata sasa hivi, damu inamwagika, naanza na nini?

Anza na kumshika. Mtu mmoja kichwani na kamba, mwingine ndo aguse mguu, na wote wawili mkae upande mmoja wa farasi, ili akishtuka wa kichwani avute kichwa upande wenu na makalio yaende kule kusiko na mtu. Unayeshika mguu chuchumaa, usipige magoti, maana farasi mwenye maumivu hata yule mpole anasahau adabu na utahitaji kuruka fasta.

Halafu chukua kitambaa safi, taulo, kanga iliyofuliwa, pampasi ya mtoto ndo nzuri kuliko vyote kwasababu inanyonya na haiachi nyuzi, bandika kwenye jeraha ukandamize kwa kiganja dakika 10 hadi 15 mfululizo. Mfululizo yani usifunue kila saa kuchungulia, ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda na kazi inaanza upya. Ikilowa weka nyingine juu yake. Mambo ya kukaza kamba juu ya jeraha achana nayo.

Farasi wa kilo 500 ana damu kama lita 40 mwilini, kwahiyo sakafu ikilowa usidhani ndo basi tena. Ila damu nyekundu ya kung'aa inayoruka kwa kufuata mapigo ya moyo hiyo ni ateri, usiachie mkono mpaka dokta afike hata kama foleni imemkamata.

Na kama kuna kitu kimechomeka bado kimo, mfano msumari kwenye kwato, usikichomoe. Dokta akipiga eksirei msumari ukiwa ndani anaona umefika wapi, ukishauchomoa tundu linajifunga na hakuna anayejua tena uligusa nini. Unachomoa tu pale ambapo kila akikanyaga unazidi kuzama na huwezi kumzuia asikanyage, na hapo piga picha kabla, weka alama kwenye tundu kwa maka peni, msumari wenyewe utunze dokta auone urefu.

Ni kitundu tu, hata damu haitoki, lazima dokta kweli?

Hapa ndo farasi wengi wanapotea. Watu wanapima jeraha kwa ukubwa. Seng'enge ikichana paja, ngozi ikaning'inia, mtaa mzima unakuja kushangaa, wakati paja lina nyama na damu ya kutosha, linapona hata likiwa la kutisha. Halafu kitundu kidogo pembeni ya goti au nyuma ya kifundo kinapulizwa dawa ya bluu na mtu anaenda zake kulala. Swali la kwanza kujiuliza ni jeraha lipo wapi, ukubwa baadae.

Kuanzia goti kwenda chini farasi hana msuli, ni ngozi iliyobana, kano, mfupa na maungio, basi. Maungio yana ute ndani, na kano nazo zinapopita kwenye kifundo zina mfuko wake wenye ute, na bakteria wakishaingia humo wamepata nyumba, hakuna dawa ya kupaka itakayowafikia na gegedu, ule mfupa laini wa kwenye ungio, inaliwa ndani ya siku chache tu. Ungio lililotobolewa likisafishwa na dokta ndani ya saa 24 za kwanza matumaini ni mazuri. Siku ya tatu, unaongelea farasi ambaye akipona anaweza asipandwe tena.

Dalili ya kucheki: majimaji ya njano yasiyo na harufu yanayonata, ukiyashika kati ya kidole gumba na cha shahada yanavutika kama uzi. Ukiona hivyo acha kusoma, piga simu. Sasa kuna mtego hapa, siku ya kwanza farasi anaweza kutembea vizuri tu kwasababu ute unatoka nje na presha haijajaa, kitundu kikiziba ndo unamkuta asubuhi kasimama kwa miguu mitatu. Kwahiyo "mbona anatembea" sio ushahidi. Dokta anajua kwa kuchoma sindano upande mwingine wa ungio, mbali na jeraha, anaingiza maji safi ya dripu, yakitokea kwenye jeraha basi limefunguka.

Mengine ya kuita dokta bila kujadiliana: jeraha la nyuma ya mundi kwenye kano, mfupa unaoonekana, farasi anayekataa kabisa kukanyaga, au akikanyaga ncha ya kwato inanyanyuka juu, hiyo ya mwisho ni kano iliyokatika.

Dokta gani sasa? Wa mtaani kwangu anatibu mbwa na kuku.

Muulize tu wazi kama ameshawahi kutibu farasi, hakuna ubaya, na awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Akisema hajawahi anaweza kumpigia mwenzake mwenye uzoefu wakashauriana, na SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) kule Morogoro wana hospitali ya mafunzo ya wanyama. Namba ya dokta itafute leo farasi akiwa mzima, sio saa nne usiku.

Nioshe na nini? Dettol ipo.

Dettol iache chooni. Kinachoosha jeraha ni maji mengi, sio dawa kali. Chemsha maji, yapoe, lita moja weka chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa, hapo umepata kama gramu 9 kwa lita ambayo ni sawa na chumvi ya mwilini, haiwashi na haiui seli. Kama una chupa za dripu tumia hizo. Mimina kwa presha kidogo, bomba la sindano kubwa bila sindano linafaa, na kama huna toboa tundu dogo kwenye kifuniko cha chupa ya maji ya kunywa ubonyeze, inafanya kazi safi kabisa. Lita mbili tatu zipite hapo, usione uchoyo.

Ukitaka kuongeza dawa ongeza povidoni ayodini ile ya asilimia 10, mililita 10 hadi 20 kwa lita, yani maji yawe na rangi ya chai ya rangi iliyopauka. Watu wanaweka mpaka iwe kahawa wakidhani ndo inaua zaidi, inaua kweli, inaua na nyama changa. Klorheksidini nayo lazima iwe nyepesi, na kama unashuku ungio limefunguka usiiguse kabisa. Spiriti hapana. Ile peroksaidi inayotoa povu hapana, povu linafurahisha macho tu.

Kabla ya kunyoa nywele pembeni jaza jeraha na jeli laini ya maji, ile ya kupimia ultrasaundi, nywele zitanasa kwenye jeli halafu utazisuuza zote pamoja. Bila hivyo nywele zinaingia ndani na kila moja ni mwiba.

Maji ya bomba ya mpira je? Siku mbili tatu za mwanzo kumwagia mguu maji ya baridi dakika 15 hadi 20 kunashusha uvimbe vizuri sana hasa kwa joto letu hili. Baada ya hapo punguza, nyama ikilowana kila siku inavimba na kuwa tepetepe.

Si nimpeleke tu baharini? Kila mtu anasema maji ya chumvi yanaponya.

Bahari ina chumvi kama gramu 35 kwa lita, karibu mara nne ya ile tuliyochanganya hapo juu, kwahiyo kwenye jeraha bichi inachoma. Kisha kuna mchanga, kuna vipande vya chupa, na fukwe za karibu na mjini maji taka ya mitaro yanaishia wapi unadhani, hasa masika. Jeraha likishafunga ngozi kabisa, kumtembeza kwenye maji ya magotini ni mazoezi mazuri na wengi wanayapenda. Kabla ya hapo hapana, hata kama Coco au Kigamboni ipo mlangoni kwako.

Pepopunda ni serious kiasi hicho?

Ndio. Farasi ni katika wanyama wanaodhurika kirahisi kuliko wote na pepopunda, bakteria wake wanakaa kwenye udongo na kwenye mavi yake mwenyewe, na kitundu kidogo kirefu kisicho na hewa ndo wanachokitaka. Dalili zinakuja wiki moja hadi tatu baadae, wakati jeraha lenyewe umeshalisahau: shingo na miguu vinakakamaa, mkia unanyanyuka, taya zinagoma, na kile kiwambo cha kona ya jicho kinaruka mbele ya jicho ukimshtua. Ikifika hapo wengi hawaponi.

Kama alichanjwa ila imepita zaidi ya miezi 6 dokta atamuongeza dozi. Kama hajawahi kuchanjwa au hujui, na huku mtu akikuuzia farasi mara nyingi hana karatasi yoyote, chukulia hajachanjwa, atahitaji antitoksini (sindano ya kinga iliyo tayari) pamoja na chanjo. Hii haingoji kesho.

Ashonwe au aachwe?

Aamue dokta, ila saa zinahesabika, ndani ya saa 6 hadi 8 ndo pazuri. Likishachelewa au lina uchafu mwingi kushona ni kufungia usaha ndani. Nyuzi za mguuni zinakaa kama wiki mbili, na usishangae zikifumuka, ngozi ya huku chini imebana na mguu hautulii. Hata zikifumuka baadae zilishasaidia kupunguza upana.

Bendeji nafungaje? Naogopa kukaza sana.

Ogopa, ni woga mzuri. Tabaka la kwanza juu ya jeraha ni gozi isiyonata. La pili ni pamba nene au pampasi ukazunguka mguu mzima, unene wa kama sentimita 2 au zaidi baada ya kubana, sehemu hii watu wanabania sana kwasababu pamba ni hela. La tatu ni krepu au bendeji ya kuvutika. Kinachoumiza kano sio bendeji kukaza, ni bendeji kukaza pasipo na pamba ya kutosha, au kukaza mahali pamoja kuliko pengine.

Ukizungusha, vuta pale inapopita mbele kwenye mfupa, ikipita nyuma kwenye kano iache iende na mvuto uleule bila kuongeza. Kila mzunguko upande nusu ya mzunguko uliopita. Juu na chini acha pamba ichungulie nje kidogo, ukingo wa bendeji usiguse ngozi. Ukimaliza ingiza kidole juu, kiingie kwa kusukuma kidogo, kikielea imelegea na itateremka usiku ikajikusanya nyuma ya mguu, na hiyo iliyojikusanya ndo inakata. Mguu mwenzake nao ufunge, maana ndo unabeba mzigo.

Siku za mwanzo badilisha kila siku, jeraha likipunguza maji kila baada ya siku mbili tatu. Kwa Dar ongeza hivi: mvua ikilowesha, au jasho, au ikianza kunuka, badilisha hapohapo bila kuangalia kalenda. Akianza kuing'ata au kupiga piga mguu usimgombeze, fungua uangalie, mara nyingi yeye ndo ana point.

Litapona lini?

Polepole kuliko unavyotaka. Ngozi mpya huku chini inatambaa chini ya milimita 1 kwa wiki, halafu wiki mbili za mwanzo jeraha linapanuka kwanza kabla ya kuanza kusinyaa, na watu wakiona hivyo wanapaniki wanabadili dawa. Jeraha la upana wa kiganja ni habari ya miezi. Poni wanapona haraka kuliko farasi wakubwa, kwahiyo usilinganishe na wa jirani.

Kuna nyama nyekundu inaota inazidi ngozi, niikaushe na mrututu?

Usiweke mrututu (ile chumvi ya shaba ya bluu). Najua fundi wa kwato kakwambia na mzee wa jirani kakwambia na kweli nyama itakauka, lakini mrututu haujui nyama ipi ni ya ziada na ngozi ipi ni changa, unaunguza vyote, na ule ukingo mwembamba wa rangi ya waridi uliopo pembeni ndo ngozi yako uliyoisubiri wiki sita.

Nyama nzuri ni ya waridi, bapa, imelingana na ngozi au ipo chini kidogo. Ikianza kuvimba juu ya ukingo, ina vinundu, inatoka damu ukiigusa tu, ngozi haiwezi kupanda mlima huo na inasimama. Dokta anaikata kwa kisu isawazike, na haiumi kwasababu haina neva, ila damu inatoka sana, ndo maana sio kazi ya wewe na wembe. Kuna krimu za steroidi pia anaweza kukupa kwa muda mfupi. Na wakati mwingine bendeji yenyewe ndo inachochea nyama, kwahiyo jeraha likishajaa mpaka usawa wa ngozi muulize kama ni muda wa kuliacha wazi. Likiwa kubwa sana anapandikiza vipande vidogo vya ngozi kutoka shingoni au kifuani.

Inzi!!

Ndio, Dar. Mavi yatolewe asubuhi na jioni na yasirundikwe dirishani kwa farasi, feni kama umeme upo, dawa ya kufukuza inzi ipakwe kuzunguka jeraha sio juu yake. Bendeji ndo kinga ya kwanza. Kuna minyoo inayobebwa na inzi, lava wake wakitua kwenye jeraha linawasha balaa, halifungi, na linatoa vipunje vya njano vigumu kama chenga za mchele. Hiyo haiponi kwa kupaka, dokta atampa ivermektini, dawa ya minyoo.

Asali, mwarobaini, oil chafu?

Asali inasaidia kweli, hata Australia wameifanyia utafiti kwenye majeraha ya miguu ya farasi, ila wanatumia iliyosafishwa kitabibu. Asali ya Tabora ya kwenye chupa ya maji ya barabarani ni tamu kwa mkate, kwenye jeraha hujui imechanganywa na nini na ina vijidudu gani. Mwarobaini chemsha upulize banda kwa ajili ya inzi, kwenye jeraha sina sababu ya kukwambia uweke. Oil chafu, majivu, mavi ya ng'ombe, maji ya betri: hapana, hapana, hapana, na la mwisho ni ukatili.

Nimchome sindano mwenyewe? Duka la mifugo wanauza.

Wanauza, na ndo tatizo. Oksitetra ya asilimia 20 ile ya ng'ombe sio ya farasi. Penisilini ya prokaini ikiingia kwenye mshipa badala ya nyama farasi anaweza kuanguka na kufa mbele yako. Linkomaisini ya kuku na nguruwe inamharisha mpaka kifo. Za maumivu zipo nzuri, fenilbutazoni na flunixin, kwa dozi ya dokta kulingana na kilo zake, moja tu sio zote mbili, zikichanganywa zinatoboa tumbo na kuharibu figo. Diklofenaki yako ya mgongo iache. Halafu ukimpa ya maumivu kabla dokta hajafika mwambie, la sivyo atamuona anatembea vizuri akadhani hali sio mbaya.

Joto la mwili unaweza kupima mwenyewe, kawaida ni 37.5 hadi 38.5. Pima asubuhi akiwa kivulini, saa nane mchana karibu kila farasi wa Dar ana "homa".

Nimfungie bandani muda wote? Ale nini?

Mwanzoni ndio, banda kavu lenye matandazo mengi. Punguza pumba na nafaka siku hiyohiyo, farasi asiyefanya kazi akila chakula cha kazi anapata nguvu za kubomoa banda, au anaumwa tumbo, au kwato zinawaka. Mpe majani makavu, asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku, na maji yasikatike, kwa joto letu anaweza kunywa lita 40 au zaidi. Angalia mavi, yakipungua au yakikauka mpigie dokta. Na kila siku shika kwato la mguu mzima uliobeba uzito, likiwa la moto kuliko kawaida na amekataa kuhama hama, hilo sasa ni tatizo jipya na kubwa kuliko la kwanza.

Mweke mwenzake karibu, hata mbuzi. Farasi wa peke yake anazunguka usiku kucha na bendeji yako.

Wiki ya nne sasa, limekataa kufunga na linatoa usaha kidogo kila siku.

Acha kubadili dawa, kuna kitu ndani. Mara nyingi ni kipande cha mfupa kilichokufa kwasababu utando wake uliparuzwa siku ile, hakionekani kwenye eksirei mapema lakini wiki ya tatu ya nne kinaonekana, kikitolewa jeraha linafunga lenyewe. Au kijiti, au ile minyoo ya inzi, au ni uvimbe wa ngozi unaojifanya jeraha, dokta atakata kipande kikapimwe.

Nikitaka kumpeleka Morogoro kwenye Fuso inakuwaje?

Mfunge bendeji nene ya mguu mzima kwanza. Akiwa ameumia mguu wa mbele mpakie atazame nyuma, wa nyuma atazame mbele, kwasababu breki ndo zinamtupia uzito. Sakafuni mchanga au matandazo asiteleze, mwambie dereva aendeshe kama amebeba mayai, ondokeni alfajiri kabla ya foleni ya Kimara na jua.

Lini nimpande?

Ngozi ikishafunga yote, hachechemei akitembea kwenye sakafu ngumu, na dokta kasema. Unaanza kumtembeza kwa kamba dakika 10, unaongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kisha ndo matandiko. Kovu la mguuni ni jembamba, halina nywele na linapasuka kirahisi, kwahiyo lipake mafuta ya mgando, livishe kinga akifanya kazi, na ile seng'enge iliyomkata kaitoe leo uweke mbao.